Fomu Njema Humlinda Mgeni wa Kazi

Askari aliyewahi kuchukua silaha ghalani anaijua nguvu ya daftari. Mlinzi wa ghala haulizi mambo mengi: namba ya bunduki, idadi ya risasi, jina, saa, na sahihi. Askari mpya aliyeripoti kikosini juzi hatazamiwi kuzijua kwa moyo taratibu zote za ghala. Daftari limekwisha kuzikumbuka kwa niaba yake. Nafasi moja ikiachwa wazi, kosa huonekana pale pale mezani, kabla silaha haijatoka mlangoni.

Daftari la namna hiyo limo pia katika kazi ambayo jamaa nyingi huiona kila Jumapili jioni pasipo kuitambua. Nayo ni kazi ya kuunganisha picha za sinema kwa kompyuta. Mafundi wa kazi hiyo hujiandikia wenyewe fomu ndogo zinazotokea kwenye kioo cha kompyuta, na fomu hizo huitwa paneli. Kwa kuwa vijana wengi wa siku hizi hutaka kujifunza ufundi huu, yafaa wazazi na vijana wenyewe waelewe paneli ni kitu gani, huundwaje, na kwa nini paneli mbaya yaweza kumponza mtu asiye na hatia.

KAZI YENYEWE

Mtazamaji huona mchezaji amesimama juu ya sitaha ya meli, bahari ikichafuka nyuma yake na moshi ukipanda juu. Mara nyingi mchezaji huyo hakufika baharini. Alipigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani. Bahari ilipigwa picha siku nyingine. Meli yaweza kuwa sanamu ndogo au mchoro wa kompyuta. Na moshi ukaletwa mwisho. Fundi wa kuunganisha ndiye anayezipanga picha hizo moja juu ya nyingine hata jicho likakubali kwamba ni tukio moja.

Msingi wa kazi hiyo ni hesabu. Kila picha ina mikondo mitatu ya rangi: nyekundu, kijani na buluu. Katika miaka ya 1970, wataalamu Ed Catmull na Alvy Ray Smith, waliokuwa katika chuo cha New York Institute of Technology huko Marekani, waliongeza mkondo wa nne ulioitwa alfa. Mkondo huo hausemi rangi. Husema ni wapi picha inafunika na ni wapi inapitisha mwanga. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za kuunganisha picha kwa kutumia alfa hiyo. Msomaji afikirie pazia la wavu dirishani. Palipo na uzi mwingi, nje hakuonekani. Palipo na uzi mchache, mti ulio uani huonekana nusunusu. Basi ncha ya nywele za mchezaji ikiwa na alfa ya 0.25, picha ya nyuma itaonekana kwa kiasi cha 0.75.

Hesabu hiyo hufanywa kwa kila nukta ya picha. Picha moja ya sinema yenye upana wa nukta 2,048 na kimo cha nukta 1,556 ina nukta zaidi ya milioni 3. Tena sinema hupita picha 24 kwa kila sekunde. Tukio la sekunde 10 tu lina picha 240. Ikiwa kompyuta inahitaji dakika 6 kukamilisha picha moja, basi picha hizo 240 zitachukua dakika 1,440, yaani saa 24 kamili. Takwimu hii izingatiwe, kwa maana ndimo kisa cha safu hii kilimo.

CHOMBO KILICHOZALIWA KAZINI

Moja ya programu mashuhuri za kuunganisha picha huitwa Nuke. Ilianza kuandikwa mwaka 1993 katika kampuni ya Digital Domain huko California, Marekani, kwa ajili ya mafundi wa kampuni hiyo wenyewe. Ilitumika katika sinema ya Titanic iliyotoka mwaka 1997. Baadaye, mwaka 2007, matunzo yake yalikabidhiwa kampuni ya Foundry ya London, ambayo huwauzia mafundi wa nchi nyingi.

Ndani ya Nuke, kazi huonekana kama vijisanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Kila kijisanduku huitwa nodi. Nodi moja husoma picha, nyingine huondoa rangi ya kijani, nyingine hupunguza mwanga, na ya mwisho huandika picha zilizokamilika. Picha hupita ndani yake kama maji yanavyopita katika bomba, chujio na pipa. Tukio dogo laweza kuwa na nodi kumi. Tukio kubwa laweza kuwa na mamia. Na kila nodi ina mahali pengi pa kujaza namba au kubofya. Mahali hapo huitwa nobu, kwa kufananishwa na kile kinachozungushwa kuongeza sauti ya redio.

Chombo kilichozaliwa kazini hakikomi kukua kazini. Waandishi wa Nuke hawakuweza kujua mapema desturi za kila karakana ya sinema. Kwa hiyo waliacha mlango wazi ili fundi aweze kuiongezea amri zake mwenyewe kwa lugha ya Python. Lugha hiyo iliundwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Yapendwa kwa sababu maandishi yake ni mafupi, tena husomeka. Kwa Python fundi aweza kuunda menyu yake, kitufe chake, na paneli yake.

NI NANI MWENYE KOSA?

Chukua mfano wa binti aliyeajiriwa majuzi katika karakana ya picha. Amefuzu mafunzo, ana bidii, lakini hajazoea. Anapewa zamu ya usiku na kuambiwa atoe picha 240 za tukio moja. Karakana nyingi huzihesabu picha kuanzia namba 1001, ili ibaki nafasi ya kuongeza picha za mbele pasipo kuingia katika namba hasi. Kwa hiyo tukio lake linaanza 1001 na kuishia 1240. Binti, kwa uchovu, anaandika mwanzo 1001 na mwisho 1024. Tena anasahau kubadili jina la folda, na picha zake mpya zinaandikwa juu ya picha za jana ambazo mkurugenzi alikwisha kuzikubali.

Asubuhi panakucha na zahama. Picha 216 hazipo, na 24 zilizokubaliwa zimefutika. Binti anaitwa ofisini. Msimamizi anauliza kwa ukali: Kwa nini hukuangalia?

Swali hilo si baya, lakini limemfikia mtu wa mwisho kabla ya wa kwanza. Wakongwe wa karakana wanajua kwamba kila tukio lina mwanzo na mwisho uliokwisha kuandikwa. Wanajua pia kwamba picha zilizokubaliwa hazipaswi kuandikwa juu yake. Ikiwa wanajua hayo, na kompyuta inaweza kuyakagua kwa nukta moja ya wakati, mbona walimwachia mgeni ayakumbuke saa nane ya usiku? Mlinzi wa ghala asiye na daftari hawezi kumlaumu askari peke yake risasi zinapopotea.

Paneli huandikwa ili kukata mzizi wa mkasa huo.

JINSI PANELI INAVYOUNDWA

Paneli ya kwanza haina fumbo. Mistari ifuatayo, ikiandikwa katika Nuke, huleta fomu ndogo kwenye kioo:

p = nuke.Panel("Kutoa picha")
p.addSingleLineInput("Picha ya kwanza", "1001")
p.addSingleLineInput("Picha ya mwisho", "1240")
p.addEnumerationPulldown("Ubora", "majaribio kamili")
p.addBooleanCheckBox("Kingo zimekaguliwa", False)
if p.show():
    mwanzo = int(p.value("Picha ya kwanza"))
    mwisho = int(p.value("Picha ya mwisho"))
    if mwisho < mwanzo:
        nuke.message("Picha ya mwisho haiwezi kutangulia ya kwanza.")

Mstari wa kwanza unaunda paneli na kuipa kichwa. Herufi p ni jina la mkato tu. Mistari miwili inayofuata inaweka nafasi za kuandika, na ndani yake namba zimekwisha kujazwa. Mstari wa nne unaweka orodha ya kuchagua. Katika orodha hii chaguo hutenganishwa kwa nafasi, na ndiyo sababu kila chaguo limeandikwa kwa neno moja. Mstari wa tano unaweka kisanduku cha kutia tiki, na umekiacha kitupu makusudi, ili mfanyakazi akijaze kwa mkono wake baada ya kukagua.

Mstari wa sita ndio unaoifungua paneli. Mfanyakazi akikubali, kazi huendelea. Akighairi, hakuna kinachoguswa. Kisha majibu husomwa. Hapo wanafunzi wengi hujikwaa. Kilichoandikwa na mfanyakazi ni maandishi, hata kama yanafanana na namba, na neno int ndilo linaloyageuza kuwa namba. Mtu akiandika maneno "elfu moja na moja", mgeuzo hushindwa na programu hutoa lawama ndefu ya kiufundi ambayo mgeni hataielewa. Mwandishi mwema hulitazamia jambo hilo. Hulinasa kosa na kusema kwa lugha nyepesi: Andika kwa tarakimu.

Paneli hiyo ni ya kuanzia. Ipo aina kubwa zaidi, iitwayo PythonPanel, ambayo huchukua nobu za kila namna na yaweza kubanwa pembeni mwa kioo ikakaa wazi siku nzima. Hii ina sikio. Kila jibu linapobadilika, kipengele kiitwacho knobChanged huamshwa. Mfanyakazi akichagua "majaribio", maswali ya picha kamili yaweza kufichwa papo hapo. Akichagua "kamili", kitufe cha kuendelea chaweza kufungwa mpaka kisanduku cha ukaguzi kitiwe tiki.

MASWALI MACHACHE, MAJIBU YALIYOPIMWA

Mwanafunzi akishajua kuunda paneli, hushikwa na tamaa ya kuijaza. Huweka maswali ishirini kwa kuwa anaweza. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi huacha kusoma, hubofya tu. Mafundi wenye busara hufuata kanuni chache.

Kwanza, paneli isiulize jambo ambalo kompyuta inalijua. Mwanzo na mwisho wa tukio umeandikwa tayari ndani ya kazi. Basi paneli iusome na kuujaza, mfanyakazi aubadili tu panapo sababu. Katika mfano wa binti yule, 1240 ingekuwa imejazwa, na kidole chake kisingekuwa na nafasi ya kukosea.

Pili, palipo na majibu machache yanayofaa, iwekwe orodha ya kuchagua. Mtu huweza kuandika jina la folda kwa namna kumi zenye makosa. Kuchagua katika orodha ya folda tatu ni vigumu kupotoka.

Tatu, ukaguzi ufanywe kabla ya kazi kuanza. Je, folda ipo? Je, ndani yake zimo picha zilizokubaliwa? Ikiwa zimo, paneli isimame na kueleza. Kosa lililoonekana jioni hugharimu dakika moja. Likisubiri alfajiri, limekula usiku mzima wa mitambo na sifa ya mtu.

Nne, kitendo chote cha paneli kiweze kutanguliwa. Nuke ina njia ya kufunga vitendo vingi katika fungu moja, ili mfanyakazi akiamuru kurudi nyuma, vyote virudi pamoja. Lakini kurudi nyuma huko hakuzirudishi picha zilizokwisha kufutwa katika diski, na kwa hiyo kanuni ya tatu haina mbadala.

MAHALI PA KUIHIFADHI

Liko jambo la mpangilio ambalo limewasumbua wengi. Nuke inapoamka husoma mafaili mawili ya amri. Moja huitwa init.py, nalo husomwa kila mara, hata na kompyuta zinazotoa picha chumbani pasipo kioo wala mtu. La pili huitwa menu.py, nalo husomwa pale tu programu inapofunguliwa kwa mtu anayeitazama. Paneli ni kitu cha macho. Mahali pake ni menu.py. Akiitia katika init.py, mwandishi aweza kuziangusha kompyuta zisizo na kioo, kwa sababu zinaamriwa kuonyesha kitu mahali ambapo hakuna wa kukiona. Ni sawa na kubandika tangazo la foleni katika chumba kisicho na mteja.

Aidha, paneli inayotumiwa na kikosi kizima haifai kulala katika folda ya mtu mmoja. Mtu huyo akiugua au akihamishwa, maarifa huondoka naye. Yafaa iwekwe katika folda ya pamoja inayosomwa na kompyuta zote, na kila mstari wenye uzito uandikiwe maelezo mafupi ya sababu yake. Maandishi ya Python hupokea maelezo hayo baada ya alama ya reli, na kompyuta huyaruka. Yameandikwa kwa ajili ya mrithi wa kazi.

HATARI YA KUFICHA KUPITA KIASI

Wapo wanaopinga paneli, na hoja yao ina uzito. Husema kwamba kijana anayebofya kitufe kimoja kila usiku hatajua kamwe nini kinatendeka nyuma yake. Siku kitufe kitakapogoma, atakaa mikono mitupu. Hoja hiyo haikanushiki. Mpishi aliyezoea kupewa viungo vilivyosagwa na kupimwa, siku ya kuachiwa jiko peke yake hupotea.

Dawa yake imo katika namna ya kuandika. Paneli njema haifichi kazi. Huipanga mbele ya macho. Baada ya mfanyakazi kukubali, nodi zilizoundwa zibaki wazi kwenye kioo, zimepewa majina yanayoeleweka, ili aweze kuzifungua moja moja na kuona namba gani imetiwa wapi. Wiki ya kwanza binti ataitegemea fomu. Mwezi wa tatu atafungua nodi na kuuliza kwa nini alfa imepunguzwa pale kwenye nywele. Mwaka wa pili, huenda yeye ndiye atakayeiandika upya paneli, kwa maana atakuwa anajua ni swali lipi lilimtatiza alipokuwa mgeni.

LUGHA YA FOMU

Msomaji ametambua kwamba katika mfano uliotolewa, maneno yote yanayomfikia mfanyakazi yameandikwa kwa Kiswahili. Amri za ndani ni za Python, nazo hazibadiliki. Lakini kichwa, maswali, chaguo na maonyo ni ya mwandishi. Hakuna sharti lolote katika programu linalomlazimisha kuuliza kwa lugha ya kigeni. Karakana yenye vijana wanaofikiri kwa Kiswahili yaweza kuonywa kwa Kiswahili. Onyo lililosomwa na kueleweka saa nane ya usiku lina thamani kuliko onyo la fahari lililorukwa.

Wala kazi hii haiko ng'ambo tu. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, mtengenezaji wa sinema Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 sinema iitwayo Who Killed Captain Alex?, yenye makomando na helikopta. Milipuko yake ilitiwa kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Sinema hiyo imetazamwa katika nchi za mbali.

Kwa jamaa zisizo na uwezo wa kununua programu ya gharama, ipo Blender. Ilianzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi, na mwaka 2002, baada ya umma kuchanga euro 100,000, ikafanywa huru, hata leo hutolewa bure. Ina sehemu yake ya kuunganisha picha kwa nodi, na paneli zake nazo huandikwa kwa Python. Amri zake hazifanani na za Nuke neno kwa neno, lakini busara ni ile ile. Kijana mwenye kompyuta ya wastani aweza kuanza kwa paneli ya swali moja: kitufe kinachookoa nakala ya kazi katika folda yenye tarehe ya leo.

Akiimaliza, asijisifu bado. Ampe ndugu yake mdogo aitumie, naye akae kando pasipo kusema neno. Mdogo akisita, swali halikuwa wazi. Akikosea na kazi ikaharibika, fomu haikumlinda. Kijana arudi kwenye maandishi yake, arekebishe, na amwite tena. Mtihani huo hauhitaji mwalimu wala ada, nao hufaa kwa paneli ya kompyuta, kwa daftari la ghala, na kwa kila fomu ambayo ofisi humpa mwananchi ajaze.

Juma lijalo safu hii itaeleza jinsi ya kutunza nakala za picha na nyaraka za nyumbani zisipotee kompyuta inapoharibika.